Polisi wa Saa Kumi na Mbili

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na udongo mwekundu wa mtaa wetu wa Katuba umenifika hadi kwenye soksi.

Leo wamebadilisha saa za polisi pale njia panda ya barabara kubwa ya mjini. Sasa anaanza saa kumi na mbili asubuhi, na filimbi na glovu nyeupe. Kamyo za mizigo zinasimama. Wamama wenye mabeseni ya sombe, yale majani ya mihogo, kichwani wanavuka polepole, kama wanaokwenda komunyo.

Nimewatazama hadi wa mwisho akavuka.

Wiki tatu zimepita tangu kamyo imgonge yaya Serafina, dada yangu mkubwa, palepale, akienda sokoni. Yeye alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Yeye alipiga pasi shati langu la kwanza la ofisini.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma.

Mimi ni karani katika ofisi ya barabara za mji. Walipotaka kupanga saa za polisi, shefu aliniita. "Weye unakaa kule. Bantu banavuka saa gani?" Nikajibu mbiombio: saa moja, shefu. Nilifikiri bantu, yaani watu, ni sisi, wenye viatu na tai, tunaokimbilia ofisi. Wamama wa sombe, wanaovuka mapema zaidi, hawakunijia akilini hata kidogo. Hata yaya wangu mwenyewe! Nikaichapa karatasi ya saa hizo kwa mashini bila kosa hata moja, shefu akanisifu.

Yaya aligongwa saa kumi na mbili na nusu. Polisi hakuwa amechelewa. Alifuata karatasi yangu.

Baada ya mazishi niliandika barua kuomba saa ibadilishwe. Wakakubali siku ileile, bila swali. Ee Mungu, kumbe ilikuwa rahisi hivyo!

Jioni nimemkuta mama mlangoni na majirani. Amekonda sana tangu msiba, lakini leo alikuwa anacheka.

"Mutoto wangu njo aliomba ile polisi ya saa kumi na mbili," anawaambia. "Bamama habatakufa tena pale. Iko mutoto muzuri, huyu."

Akanishika mikono yote miwili mbele yao. Nimekula bukari, ule ugali wake, nikaingia chumbani, nikalia na mto mdomoni asinisikie.

Nikimwambia, atakuwa amepoteza watoto wawili. Nisipomwambia, kesho atanisifu tena kwa majirani, nami nitaitika.