Kichwa cha Bwana Shingo

Jumapili, 8 Agosti 1954

Bwana Shingo karudi jana jioni kutoka Tanga. Timu yao imeshinda. Yeye anaitwa Bwana Rennie, meneja msaidizi wa shamba letu la mkonge, lakini manamba, vibarua wa mkataba, walimpa jina la Shingo kwa unene wa shingo yake, na linamfaa. Ni kepteni wa raga wa Tanganyika nzima. Kwao Uskochi alikuwa kepteni vilevile. Picha ipo sebuleni, kavaa kofia yenye shada. Yuditha aliiona siku alipopeleka mayai, akaniuliza kama Bwana amesilimu. Nikamwambia kwao ukichezea nchi unapewa kofia hiyo. Akauliza ya kuvaa wapi. Mke wangu huyu!

Dereva ananiambia Bwana aligongwa na goti kichwani, akalala kama mfu, halafu akainuka akacheza mpaka mwisho. Mwenyewe hakumbuki kipindi cha pili. Kaja kwangu dispensari, maana mimi ndiye dresa wa shamba, kutaka aspro ya kichwa. Nimempa mbili.

Jumanne, 10 Agosti

Daktari huja Jumanne tu. Kabla hajafika, Bwana Shingo kaingia kwangu, kafunga mlango. Kasema tarehe 28 wanacheza na Kenya kule Nairobi, na ni mechi yake ya mwisho, umri umekwenda. Daktari akijua habari ya kichwa hatamruhusu. — Dresa, nipe neno lako, usimwambie. Nikampa. Ni mtu mwema kwangu. Mtoto wetu Raheli alipougua alituazima gari lake.

Daktari kauliza habari za wagonjwa. Nikataja malaria, vidonda, mmoja kachomwa jicho na mwiba wa mkonge. Basi.

Jumamosi, 14 Agosti

Bwana katapika nyuma ya korona, pale mashine zinapokamua mkonge. Kafuta mdomo, kaniuliza kama mvua ilinyesha Handeni. Nikamjibu haikunyesha. Hatua chache mbele kaniuliza tena, vilevile, kwa sauti ileile.

Jioni kafanya mazoezi. Mpira wao una umbo la papai, na mchezo wenyewe siuelewi: wanakimbilia mbele, mpira wanarusha nyuma. Lakini naelewa mtu anapodaka na anaposhindwa kudaka. Leo uliponyoka kila mara.

Jumanne, 17 Agosti

Daktari kaja. Nilikwisha kufungua mdomo. Bwana Shingo akatokea mlangoni, kachana nywele, anacheka, wakaanza habari za Kenya. Daktari akampa mkono kumtakia heri. Mimi nikaendelea kukunja bandeji. Sijipendi leo.

Jumapili, 22 Agosti

Baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwake. Nikamwambia wazi: Bwana, kichwa hicho kikigongwa tena unaweza kufa. Manamba mmoja tulimzika hivyo, robota la mkonge lilimwangukia kichwani, akapata nafuu, akaanguka mwenyewe wiki ya pili, hakuamka. Kanisikiliza kwa adabu. Kasema kepteni hawaachi watu wake siku ya Kenya. Halafu kasema: uliniahidi, Kaleb.

Nikarudi kwa hasira. Yuditha kaniambia: Baba Raheli, wewe huna la kumfanya, lakini Bernardo anaweza. Kweli kabisa. Bernardo ni Mnyamwezi, mkata mkonge. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na Bernardo alikwisha kuamua zamani kwamba Bwana Shingo ni Mzigua, kwa kuwa kakaa Handeni na anakula bada, ugali wao wa muhogo. Basi humtukana mbele za watu, humnyang'anya kofia, na Bwana hucheka, hutoa tumbaku, huikomboa kofia yake. Mtani hakasirikiwi. Mimi Mshambaa, nikigusa kofia ile nafukuzwa.

Nimemweleza Bernardo. Kafikiri, kasema: tutamchukulia viatu.

Jumanne, 24 Agosti

Leo niliazimia kumwambia daktari, ahadi au si ahadi. Nilivaa hata koti. Hakuja. Gari lake limeharibika njiani, huko Hale. Nimekaa na koti mpaka saa nane.

Alhamisi, 26 Agosti

Naandika dispensari. Wawili walio mbele yangu wanadhani nahesabu dawa.

Asubuhi viatu vya njumu vya Bwana, vya kuchezea raga, vilikuwa barazani kwake vinakauka. Bernardo kavitia shingoni, kapita navyo kambini anaimba: Mzigua wetu kauzwa Nairobi, nani atamzika! Watu wakacheka sana. Bwana Shingo katoka. Bernardo kamtajia fidia, kama desturi: mtani alale nyumbani wiki mbili, ndipo apate viatu.

Bwana kampiga ngumi ya mdomo.

Sijapata kuona mtani akipigwa, na nadhani hakuna aliyepata kuona. Bwana kaokota viatu, karudi ndani. Bernardo kaja kwangu na damu. Nikamketisha, nikatafuta sindano na uzi, maana mimi ndiye niliyemtuma.

Nilikuwa namshona mdomo Bwana alipoingia kutaka aspro ya safari, viatu mkononi. Gari la kwenda Nairobi lilikwisha kufika, limejaa wenzake. Kamwona Bernardo. Kaweka viatu chini, kainama, kamshika kidevu taratibu.

— Nani kakupiga, mtani?

Bernardo alicheka, akidhani ni utani. Akamtazama usoni. Akaacha kucheka.

Bwana kanigeukia, kaniuliza mimi. Alikuwa na hasira ya kweli, macho mekundu. Kasema tumtajie huyo mtu, amfukuze leo leo, na yeye haondoki hapa mpaka amjue. Nilitaka kumwambia: ni wewe. Lakini huruma ikanishika vibaya.

Bernardo kanikanyaga mguu chini ya meza. Kasema kwa shida, uzi ukining'inia mdomoni: Bwana, ni habari ndefu, na mdomo umevimba, jina halitoki bado. Keti kwanza.

Bwana Shingo kaketi kwenye benchi la wagonjwa. Amemshika Bernardo mkono. Honi inalia mara ya pili, na mimi nashona mshono mmoja, naandika kidogo, nashona mwingine, polepole kuliko nilivyofundishwa.