Karatasi ya Futari ya Nassor

Nassor, sahibu yangu,

Nshamwambia Zuwena. Jana baada ya lasiri nlikaa barazani kwako, hapo Mpendae, nkamwambia mkeo kwamba ile karatasi ya futari iliyokosea haikuwa yako. Ilikuwa yangu. Akasema, "Ungemwambia yeye, shemegi." Akaingia ndani. Kahawa yangu ikapoa pale pale.

Basi nnakwambia weye, ingawa sasa haikufai kitu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitaniana juu ya ile kompyuta moja, ghorofani kwenye duka la vitambaa Mkunazini? Weye na Pascal yako, lugha ile ya kuiandikia kompyuta, inayotaka kila hesabu uitaje mapema kwa jina lake, na ukisahau alama moja tu inakukatalia. Mie na BASIC yangu: unatia namba ya mstari, unaiambia nenda mstari wa mia tatu, inakwenda, haiulizi. Nkikwambia, "Pascal yako bi harusi huyo. Mpaka apakwe hina na kufukizwa udi, wageni washalala." Nawe ukinijibu, "Na yako chumba cha kapera. Mwenyewe tu ndo anajua kanzu iko wapi."

Programu yako ya nyakati za Ramadhani, iliyochapa karatasi ya msikitini kwetu, ilikuwa safi. Zile dakika za tahadhari, tunazoongeza jua likishazama ili mtu asije akala mapema, uliziweka pahala pamoja tu, juu kabisa, kwa jina lake. Figo zilipokulaza kitandani, imamu akataka dakika ziongezwe, na daku nayo iandikwe. Nkaigusa yako, ikanikatalia. Nkarudia, ikanikatalia. Uvivu, Nassor, na kiburi. Nkaandika yangu kwa BASIC, mchana mmoja, dakika nkazitawanya huku na huku. Kwenye mstari wa kumi la mwisho la mwezi, dakika nkazitoa badala ya kuzijumlisha. Na chini ya karatasi nkaliacha jina lako, kwa sababu ndilo watu waliloliamini.

Siku moja ya kumi hilo mawingu yalifunga, jua halionekani. Muadhini akafuata karatasi. Tende ziko midomoni, mawingu yakafunguka, na jua hilo, juu ya mapaa. Nlikuwepo. Mzee mmoja akaitema tende yake kiganjani, akaitazama. Wakasema, "Karatasi ya Nassor imetulisha mchana."

Ukaniita. Ukaniuliza, "Hamidi, nlikosea wapi?"

Nkasema Mungu ndiye mjuzi. Nlisema hivyo, na futari yako nkala.

Baada ya Idi ukafunga, na daktari kashakukataza. Ulisema watu wamekula mchana kwa mkono wako. Zuwena alilia, hukumsikia. Mwezi ule hukuumaliza. Sisemi funga ndiyo iliyokuua. Siwezi kusema siyo.

Kompyuta ile ishatupwa. Diski yako nliipeleka kwa vijana wa intaneti Shangani, wakacheka, "Mzee, hii ya zama za nani?" Mashine zao hazina hata pa kuitia. Nimebaki na karatasi mbili, programu yako uliyonichapia nijifunze, na yangu. Yako nnaisoma mpaka leo, bila ya mashine, kama mtu anasema nami. Yangu naifuata mstari kwa mstari, inanituma huku, inanirudisha kule, nnapotea. Chumba cha kapera. Hata kapera mwenyewe hajui tena.

Imamu kafa. Mzee wa tende kafa. Wengi waliokula siku ile wako huko uliko, nao wanakudhania weye.

Ijumaa hii, sala ikisha, ntasimama msikitini nilitaje jina lako na langu. Watoto watanishangaa, kisa chenyewe hawakijui. Ntasema hivyo hivyo.

Hukukosea popote, Nassor. Uliniuliza, na hilo ndilo jawabu. Lala, sahibu yangu.

Hamidi