Kibao cha Sale, Bidbid

Mama, shikamoo.

Huu ni mwezi wa saba tangu tulipokuzika, na duka la Bidbid bado liko wazi. Kaka Seif alitaka kulikodisha kwa wauza mipira ya gari. Nikamwambia hapana. Mkewe ndiye anayeuza kofia sasa. Mimi nimepata kazi, Mama. Ngoja nikueleze nimeipataje.

Unaikumbuka siku ya kile kibao? Nilikuwa bado skuli, nimeokota Kiingereza kidogo, nikaandika SALE kwa rangi nyekundu, watu wajue tumeshusha bei. Basi la Wafaransa likasimama. Bibi mmoja akasoma, akaziba pua, wenziwe wakaangua kicheko. Dereva wao akatufasiria: kwa Kifaransa neno hilo ni "chafu".

Chafu! Wewe, uliyekuwa ukipangusa kioo mara mbili kabla ya adhuhuri.

Mimi nilikimbilia nyuma ya pazia. Hili sijapata kukwambia: niliwaachia wakucheke peke yako, kama mtu asiyekujua. Wewe ukamshika yule bibi mkono, ukamkalisha, ukamtilia kahawa. "Muulize," ukamwambia dereva, "kaona uchafu wapi?" Bibi akaona haya mpaka machozi yakamlengalenga. Alikaa saa nzima. Nilipotoka nyuma ya pazia, ndiye aliyenifundisha kuhesabu Kifaransa mpaka kumi.

Mwezi uliofuata Mtaliana mmoja akakinyooshea kidole kibao kile kile, anacheka: kwao sale ni chumvi. Ukaingia ndani ukamletea kopo! Nikakuuliza vipi neno moja liwe na maana tatu tafauti. Ukasema, "Ajabu ya nini? Kaa kitako, kaa la moto, kaa wa pwani. Yamefanana tu, hayana udugu." Miaka kadhaa baadaye, nasoma Kifaransa, nikalitafuta kwenye kamusi. Kweli, Mama. Hayana udugu, kila moja lina asili yake.

Wiki iliyopita nilikwenda Al Mintirib, kwenye kambi ya watalii jangwani. Meneja akaniuliza kwa Kifaransa nani aliyenianzisha lugha hii. Nikamwambia mama yangu. Alikuwa mwalimu? Nikasema, alikuwa akishona kofia. Naanza Jumamosi.

Nisamehe lile pazia. Nakuahidi, atakayechekwa mbele yangu kwa neno asilolijua, nitakwenda kusimama upande wake.

Kwaheri, Mama yangu. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Rukia