Mchicha wa Gelasius

Eufrazia, mbavu zinaniuma kwa kucheka! Gelasius katoboa siri leo.

Unakumbuka mwaka sabini na nne, anaishi peke yake Kawajense, mfukoni hana kitu, baba yake Romana akaenda kumkagua kabla ya kumpa binti?

Akampikia ugali na mchicha wa karanga. Mzee akaongeza mara mbili. Mara mbili, shoga!

"Kijana, mboga hii unanunua wapi?"

"Inaota tu hapo nyuma, baba."

Mzee akatoka kwenda chooni. Kumbe mchicha wenyewe umestawi pale yanapomwagikia maji ya bafu! Gelasius akajua mke kamkosa.

Mzee akarudi na fungu la mchicha mkononi.

"Huu nampelekea mama mkwe wako. Usimwambie ulikoota."

Sasa kumbuka mchicha wa harusini. Wewe ndiye uliyeramba sahani!