Siku Bosko Aliponishikia Chupa

Alhamisi, Bombambili. Baridi ya leo jamani! Nimejitanda khanga juu ya sweta na bado meno yanagongana. Ila moyo umetulia, alhamdulillahi.

Kwa wasiojua, nipo Songea kwa mafunzo ya vitendo kwenye maabara ndogo ya kemia. Nimetoa vimeng'enya kwenye kimea cha ulezi, vile vinavyovunja wanga, nikavifungia ndani ya vidonge laini vya jeli na kuvijaza kwenye mrija wa glasi. Pampu inasukuma uji mwepesi wa mahindi taratibu: unaingia uji, inatoka sukari. Kesho tunaonyesha kazi zetu. Tuko wanafunzi wawili, na mmoja tu ndiye atakayeitwa tena mwakani.

Mwenzangu ni Bosko, kijana wa Madaba. Ananiita Korosho kwa vile natoka Tunduru, kwenye mikorosho. Niseme ukweli, nilikuwa simwamini. Kila akichungulia mrija wangu nilihisi anauombea mabaya.

Leo mchana umeme ukakatika. Pampu kimya.

Uji ukisimama mle ndani unaganda, mrija unaziba, na kazi yote ndiyo basi tena. Nikashika kichwa. Msimamizi wetu alikuwa ametoka. Nikasema, sijui hata namwambia nani, laiti ungeshuka wenyewe kama dripu ya hospitali. Bosko akachomoa kimpira kwenye pampu, akakiunganisha na chupa ya uji, akapanda mezani na kuinyanyua juu. Matone yakaanza kushuka.

Pa kuitundika hapakuwepo. Alisimama vile mpaka umeme uliporudi, mkono huu ukichoka anahamishia mwingine, huku akiimba nyimbo za kwaya yao vibaya mno. Nilipoanza kulia akanikemea: "Wee Korosho, usiniangalie mimi, angalia mrija!"

Jioni nikadondoshea iodini kwenye kilichotoka. Haikugeuka bluu. Wanga wote umekwisha! Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni.

Namshukuru Mungu. Namshukuru na Bosko, ambaye kesho atasimama mbele ya watu walewale kugombea nafasi ileile, mabega yakimuuma kwa ajili yangu.

Nimekaa hapa na chai yangu inapoa, na swali moja halinitoki. Ungekuwa mrija wake, mimi ningepanda mezani?