Uso Uliotutoa Mahajanga

Mama,

Nimekwenda Mahajanga. Ulinikataza nisikanyage huko ukiwa hai, nami nimekutii. Arubaini yako ilipokwisha hapa Nosy Be nikafunga mkoba. Nakuandikia kwa Kiswahili cha chuo cha Kurani ulichonifundisha, kwa sababu wanangu hawakijui, na mengine ya humu sitaki wayasome.

Sikuanzia nyumbani kwetu Tsaramandroso. Nilikwenda moja kwa moja ufukweni, pale baba alipoonekana mara ya mwisho. Siku hizi pana bustani. Nilidhani nitakuta chochote, jiwe la kumbukumbu, hata kibao. Nimekuta mabenchi yaliyopigwa rangi, mishikaki, achari ya embe na vigari vya watoto vya kukodisha. Watu wanakula tu. Nilisimama pale nikawachukia wote, Mama, hata watoto.

Halafu nikawaona wasichana wenye mabakuli ya liwa, ule msandali uliosagwa kwa maji, wanawachora wageni nyuso kwa pesa. Maua mashavuni, vidoa juu ya nyusi. Maua yaleyale.

Unaikumbuka mikono ya Mama Zafi, jirani yetu, Msakalava mwenyeji? Asubuhi ile ya mauaji, walipokuwa wakisaka nyumba zetu sisi Wangazija, wewe ulikuwa umeshajipaka liwa yako kama siku zote, uso mzima, bila pambo, kama wanawake wa kwetu. Alikuosha kwa kanga yake, akatuchora wote wawili maua ya kwao, akatutwika mabeseni ya samaki. Baba hakuwa na uso wa kubadilisha; wanaume hawachorwi. Akasema, "Tangulieni, nitawafuata." Tukapita mbele ya watu wenye mapanga. Mmoja akakusifia uzuri, nawe ukamchekea. Nilikuwa mdogo lakini nilikuona. Tukashika njia ya Belobaka, tukadandia malori hadi Antsahampano, tukavuka kwa boti kuja Nosy Be. Baba hakufuata; tulisikia tu kwamba alionekana ufukweni, basi.

Tangu siku ile hukugusa liwa. Harusini kwangu wenzio walikuja wamejipaka, wewe ukakaa uso mkavu, wakakusengenya mpaka basi. Jibu ulikuja kunipa mimi kitandani, siku zako za mwisho: "Ukienda Mahajanga, nenda na uso wako."

Basi pale bustanini msichana mmoja akaniita kwa Kifaransa, akinidhania mgeni. Nikamwambia kwa Kimalagasi kuwa nimezaliwa mji huo. Akacheka, akachovya kijiti. Nikamshika mkono, nikamwomba bakuli lenyewe, nikajipaka kwa kiganja uso mzima, hadi masikioni. Akaniambia bila ubaya wowote, "Shangazi, hapa hatupaki hivyo."

Hapa hatupaki hivyo. Bibi yako, Mama, alijipaka hivyo hapohapo, na mama yake kabla yake. Nilitaka kumwambia, nikakosa pa kuanzia. Nikamlipa.

Nikatembea bustani yote polepole, mwendo ambao sisi hatukuupata siku ile. Watu walinitazama, wakarudi kwenye mishikaki yao. Mzee mmoja, wa umri ambao wale wenye mapanga wangekuwa nao sasa, aliinuka kwenye benchi nilipomkaribia, akaenda zake. Labda alikuwa anarudi nyumbani kula. Sitajua, na hilo ndilo linalonitafuna: kila mzee wa mji ule nitamtazama hivyo. Nikakaa palepale alipokuwa amekaa, nikamsomea baba Fatiha kwa sauti.

Sikusamehe, Mama. Nisikudanganye. Machozi yaliichimba liwa mifereji, lakini sikuiosha. Nilipanda nayo gari, nikavuka nayo Antsahampano, imebaki magamba, abiria wananikwepa. Nimekuja nayo hadi kaburini kwako, ukaniona.

Pumzika sasa. Mimi nitakuwa nakwenda kila mwaka, nikijaliwa uzima. Nitajipaka hivyohivyo, nitakaa kwenye benchi lile, mpaka atokee mtu wa kuniuliza kwa nini. Akitokea, nitaanza na jina la baba.

Mwanao.