Kibanda Mwisho wa Bustani

Krrr, kimya. Krrr, kimya. Ni sauti ya reki ikichana changarawe mbele ya kasri moja kule Uholanzi, kila asubuhi kabla wageni hawajafika. Niliisikia msimu mzima nilipokuwa mwanafunzi kule, nikafanya kibarua cha kuwatembeza wageni. Sasa nimerudi Garissa, nafundisha historia chuoni, na bado Hooyo, mama yangu, akishika ufagio wa njiti na kuanza kufagia ua, mwili wangu unashtuka kama wa mtu aliyechelewa kazini.

Leo Jumanne. Jilaal, kiangazi chetu kirefu, hakijatuachilia. Upepo umejaa vumbi, nami nimejaa sijui nini. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Wiki iliyopita Annelies, aliyekuwa msimamizi wangu kwenye kasri, alinipigia simu ya video. Wanataka aqal ya Ayeeyo, bibi yangu: ile nyumba ya miti iliyopindwa na mikeka, ambayo zamani ilipakiwa juu ya ngamia kila familia ilipohama. Tangu ukame ulipotuingiza mjini imelala nyuma ya nyumba yetu ya mawe, imefungwa kamba, kuku wanataga humo. Niipeleke, niisimamishe katika bustani ya kasri, kisha nibaki nayo niwaeleze wageni. Kazi ya kudumu. Chumba chenye dirisha linalotazama miti.

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Historia ya kasri lile naijua kuliko ya ukoo wangu. Lilianza kama ngome: kuta pande nne, mnara, na handaki la maji kulizunguka. Aliyelijenga aliwaogopa majirani zake, na alikuwa na sababu. Vita vilipokwisha kikaja kizazi kilichotajirishwa na sukari, iliyolimwa na watumwa ng'ambo ya bahari. Hao hawakumwogopa mtu. Walibomoa ukuta wa mbele, wakapanua madirisha, wakapanda miti kwa mistari, na ngome ikawa nyumba ya shamba, mahali pa kupumzikia na kunywea chai. Maji ya handaki waliyaacha ili nyumba ijitazame.

Na mwisho wa bustani mmoja wao alijenga kibanda cha nyasi. Ndani aliweka sanamu ya mtawa maskini, amepiga magoti. Wageni walioshiba walitembea hadi pale, wakachungulia ufukara, wakarudi kwenye keki zao. Kibanda kilioza zamani. Msingi wake upo. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni nao wakicheka.

Ni juu ya msingi huo ndipo Annelies anataka aqal isimame.

Siku ile sikulifikiria hilo. Au nililifikiria nikalisogeza kando, kwa kuwa masikio yangu yalikuwa yameshafika kwenye changarawe.

Nikaenda kuomba ruhusa kwa Adeer, mdogo wake marehemu baba. Mzee wa watu alinitazama kama aliyeona ngamia ana mabawa.

"Naa, unaniuliza mimi? Hata kigingi kimoja si changu! Mwanamume kwenye aqal ni mgeni anayerudi jioni. Uzungu umekuingia hadi kwenye mifupa. Nenda kwa mwenye nyumba."

Miaka yote ya kusomea majengo, na nilikuwa nimesahau nyumba zetu ni za nani.

Jana alasiri nikakaa karibu na Ayeeyo, nikamsimulia kila kitu. Yeye huongea Kisomali tu.

"Wamekaa hapo miaka mingapi?"

"Mamia, Ayeeyo."

"Mahali pamoja?"

"Mahali pamoja."

"Masikini. Hawakuwa na ngamia?"

Hooyo alikuwa akimimina chai; alicheka hadi ikamwagika.

"Na maji yote hayo, wanyama gani wanakunywa?"

"Mabata tu."

"Astaghfirullah." Kisha, kwa sauti ileile: "Na nani atalala ndani ya nyumba yangu?"

Nikasema hakuna. Watu wataitazama.

Alipuliza chai yake. Nilitamani anikatalie, nipate mtu wa kumlaumu. Hakunikatalia. Kwetu binti anapoolewa, mama hutoa sehemu ya miti na mikeka ya nyumba yake ili kumwanzishia, na nyumba ya mama hupungua kwa kila harusi. Ayeeyo ameozesha mabinti wanne. Kilichobaki ni kidogo.

"Kilichobaki ni chenu wawili," alisema. "Wewe na Deka. Gawaneni."

Deka ni mtoto wa shangazi yangu aliyefariki. Yuko Hulugho, na mvua zikinyesha ataolewa na kijana ambaye bado anahama na mifugo. Hana mama wa kumpunguzia nyumba. Sehemu moja haisimamishi aqal. Zote mbili, labda.

Nimelizungusha hili kichwani hadi nikajichoka. Kasri lilibomolewa upande mmoja ili wenyewe waone bustani vizuri. Nyumba ya Ayeeyo ilipungua kwa kuzaa nyumba nyingine. Mimi nilikuwa naipeleka ikae juu ya msingi wa kichekesho, nami nimesimama mlangoni na kitambaa changu kichwani, nikitabasamu.

Mle ndani, safari hii, mtawa angekuwa nani?

Lakini nisijipake asali. Naitaka ile kazi. Naitaka hata ile baridi. Sitaki kuzeekea hapa nikisahihisha mitihani. Sijui hata kama nililofanya leo nimelitenda kwa heshima au kwa kuogopa kuchekwa na Adeer.

Asubuhi hii mimi na Hooyo tuliwafukuza kuku, tukakung'uta mikeka, tukaifunga miti upya. Ayeeyo alisimama juu yetu na fimbo yake. "Kaza! Chuo kilikufundisha kufungua tu?" Lori lililoleta mbuzi sokoni lilikuwa linarudi Hulugho tupu. Dereva aliuliza mzigo ni wa nani. Nikamwambia wa Deka. Wote, hata sehemu yangu.

Alipokuwa akifunga turubai nilimwandikia Annelies: aqal haiji, imepata mtu wa kulala ndani. Kama bado wananitaka bila nyumba, nitakuja mikono mitupu, na nikifika kwenye ule msingi nitawaeleza wageni habari za sukari. Niliutuma ujumbe nikiwa nimesimama pale pale kwenye vumbi, nisije nikakaa nikabadili nia.